Kuvu Kwenye Viatu vya Fainali

Mvua ya Bogor haina adabu. Ikiaga, ujue imesahau kitu na itarudi. Asubuhi hiyo tulikuwa benchini kwa Teh Iroh, muuza kahawa, kila mtu na glasi yake ya kahawa nzito, tukiizungumza fainali ya kesho dhidi ya timu ya kijiji cha Cikuda, waliotufunga miaka minne mfululizo. Mara Engkus, golikipa na mtunza vifaa wetu, akaja kutoka banda la vifaa. Akatua kiatu cha kuchezea mpira mbele yetu, na juu yake ufunguo wa banda. Kiatu kilikuwa kimeota manyoya ya kijani.

— Jozi zote kumi na moja, akasema. Na glavu zangu. Kesho tunacheza na nini? Aliyefanya hivi achukue ufunguo, mimi basi.

Wa kwanza kusema alikuwa Mang Odoy, tunayemwita Refa kwa kuwa hakuna kesi asiyoikatia hukumu.

— Hiyo si kuvu ya kawaida. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi banda tumeliziba kila tundu, tena kwa plastiki.

— Na mashapo ya kahawa je? akadakia mzee Emen, yule wa jina la Redio. Mwezi mzima, kila tukimaliza kunywa tunamwaga mashapo viatuni yanyonye unyevu. Dawa gani tena?

— Dawa ile haina mpinzani. Kwa hiyo ni Cikuda.

— Cikuda wameingiaje, Mang? akauliza Engkus. Ufunguo ninao mimi.

— Kikulacho ki nguoni mwako. Mkeo kwao wapi?

Engkus akautazama ufunguo.

— Cikuda.

Teh Iroh akaacha kugeuza tempe, vipande vyake vya soya, kwenye karai.

— Refa, chunga mdomo. Huyo ndiye anayewafulia jezi.

— Si ndiyo nasema! Anafua!

— Mwacheni mtoto wa watu, akasema Redio. Ni Mlima Salak, ile volkano. Juzi ulikohoa, mimi nilisikia. Makohozi ya mlima rangi yake ni hiyohiyo.

Engkus alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nikawa nayazungusha mashapo ya glasi yangu.

Pembeni alikuwepo mama mmoja mgeni, kajikinga mvua na kapu lake la uyoga. Akakiokota kiatu, akakinusa.

— Haya mashapo mliyakausha kwanza?

— Kuyakausha? akasema Refa.

— Mimi ndiyo ninayopandia uyoga. Mabichi hivihivi, naziba kwa plastiki, baada ya wiki chache navuna. Nyie nani kawafundisha?

Refa akatazama mvua. Redio akatazama upande wa mlima, ambao hata hauonekani. Teh Iroh alipita na birika na hakuna aliyenyoosha glasi.

Mwezi uliopita, kwenye benchi hilihili, kuna mtu aliapa kuwa mashapo ya kahawa hunyonya maji, kasoma mwenyewe. Hakusoma popote. Mtu huyo ni mimi, na aibu niliyoiona asubuhi ile siisahau.

Nikachukua ufunguo.

— Brashi ipo? nikauliza.

— Anayo mke wangu, akasema Engkus. Nenda kamwombe. Na Mang Odoy umchukue.