Kibodi ya Mama Pulchérie na Urefu wa Mahubiri

Mama Pulchérie anastaafu Jumapili hii, tarehe 28 Juni, baada ya kuwa katibu wa kanisa letu hapa Downsview kwa miaka kumi na tisa.

Wageni wajue jambo moja. Hapa kwetu matangazo huletwa kwa kuchelewa, kwa hiyo Mama huyachapa ibada ikiendelea, nyuma ya ukuta mwembamba wa jengo hili lililokuwa ghala. Papa Josaphat, mchungaji wetu, huhubiri huku akisikiliza. Vitufe vikilia, anaendelea. Vikinyamaza, anajua matangazo yako tayari, anasema amina.

Mwaka jana kibodi ya zamani ilimwagiwa chai na mwanakwaya ambaye hatumtaji, kwa kuwa waimbaji wa besi tunao wawili tu. Kamati ikanunua kibodi isiyo na sauti. Jumapili ya kwanza Papa Josaphat hakusikia kitu, akasema amina kabla hata ya kufungua Biblia vizuri. Waumini walifurahi mno. Wali wa baada ya ibada ulikuwa bado wa moto. Papa Willy wa kamati alisema wazi kwamba kibodi hiyo imeletwa na Mungu.

Tatizo lilikuwa vidole vya Mama. Kazi ya kiwandani, kabla hajaja kwetu, iliviacha na ganzi, na alijua kitufe kimeshuka kwa kusikia mlio wake tu. Sasa alichapa, akafuta, akaanza upya. Naye alikuwa katikati ya kuchapa kitabu cha nyimbo za kwetu Uvira, zile ambazo wazee wetu wanazijua kwa kichwa na hazijaandikwa popote. Aliahidi kukimaliza kabla ya kustaafu. Akaanza kusema kwamba huenda hatakimaliza.

Ndipo Papa Josaphat mwenyewe alipompeleka dukani. Mama alifumba macho, akachapa ubeti uleule kwenye kila kibodi. Ya kwanza, alisema, ni kama kukanyaga mkate. Ya pili ni kama mtu anayetafuna karanga msibani. Muuzaji, kijana mpole aitwaye Zameer, alimwonya kwamba ya tatu hugombanisha watu na majirani. Mama aliijaribu, akatabasamu.

"Hii inanijibu. Nifungie, mwanangu."

Aliporudi nayo, Papa Willy alimpokea mlangoni. "Sasa Mama, na wali wetu je?"

"Mutakula baridi, Papa Willy. Nyimbo kwanza."

Mahubiri yakarudia urefu wake. Na kitabu kimekwisha. Ubeti wa mwisho aliuchapa Jumamosi iliyopita, na leo kila mmoja wenu anacho mkononi pamoja na ratiba hii.

Asante, Mama. Miaka yote hii hujawahi kuketi kanisani ukasikiliza mahubiri mazima. Kuanzia wiki ijayo utakaa nasi, na kibodi itakuwa ya dada Ella, ambaye bado anachapa kwa kidole kimoja. Tunakuombea pumziko jema, afya, na mto laini wa kukalia.