Kete na Mtihani wa Takwimu

Benchi lilikuwa ubavuni mwa duka la kinyozi, pale kivuli cha ghorofa kinapofika baada ya alasiri. Wenyewe walikuwa watatu: Kinyozi mwenye duka, Soli mshona viatu, na Breki, dereva wa teksi aliyeegesha hapo kila siku akidai anasubiri abiria. Jioni hiyo alikuja mpwa wa Kinyozi, mwanafunzi wa chuo kikuu, waliyembandika jina la Kete kwa sababu ya sataranji aliyoichezea timu ya chuo. Alipewa kahawa, akakishika kikombe tu bila kunywa.

— Mjomba, nimebanwa. Kocha anataka mazoezi kila jioni. Nikikosa tena, natolewa kwenye timu. Na mtihani wa takwimu nikiufeli tena, narudia mwaka.

— Acha mchezo, alisema Breki. Utaendeshaje magari mawili?

— Nani kasema aache? Soli alidakia. Arekodi masomo, aweke spika chini ya mto. Yeye kalala, kichwa kinasoma chenyewe.

— Na shingo je?

— Shingo haina mtihani.

Kinyozi akaweka mkasi chini.

— Mimi nasema abebe ubao wake, aende kwa mhadhiri wacheze. Akimfunga, apewe maksi.

— Na akifungwa?

— Mhadhiri si atakuwa kalegea kwa furaha? Atampa vilevile.

— Basi wahadhiri wote wafundishwe sataranji! Breki alisimama. Mitihani ifutwe, watu wahitimu kwa kumkaba mfalme!

Kete alicheka nao, ila kicheko chake hakikufika mbali. Aliwapenda wazee hawa, lakini leo walikuwa wakimzungumzia kama hayupo.

Mama mmoja aliyeleta viatu vishonwe alikuwa kasimama kando anasikiliza.

— Samahanini, ndugu zangu. Huyu binti, nani kati yenu ameshamwona akicheza?

Soli alianza kutafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake. Breki akakohoa. Kinyozi, aliyemlea Kete tangu hajui kufunga vifungo, akauokota mkasi wake, akaanza kuufuta.

— Sijawahi kuwakaribisha, mjomba, Kete alisema taratibu.

Hapo ndipo Kete alipojua kwamba kuacha mchezo hawezi, na kwamba anatamani sana waje kumwona.

— Nitamwomba kocha nifanye mazoezi jioni mbili tu kwa wiki mpaka mtihani upite. Akinishusha, anishushe.

Kocha alimshusha kweli, kutoka meza ya kwanza hadi ya nne. Ilimuuma. Mtihani akaufaulu kwa kuchechemea.

Siku ya mashindano, safu ya nyuma ya ukumbi ilikaliwa na wanaume watatu waliovaa mashati yaliyopigwa pasi. Kete alipopoteza farasi wake, Breki alipiga makofi peke yake akidhani ni ushindi, ukumbi mzima ukageuka. Kinyozi akamvuta shati akae.

Kete aliinama kuficha kicheko. Kisha akavuta pumzi, akanyoosha mkono, akasogeza ngome yake mbele.