Tatu Haimo, Saba Imo: Kumuaga Mwalimu Filomena Mbena

Mwalimu Filomena Mbena anatimiza miaka sitini siku ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, na siku hiyo hiyo anastaafu baada ya kufundisha hesabu kwa miaka thelathini na minne. Barua aliyoletewa ilisema utumishi wake unaendelea "hadi tarehe 14 Agosti". Mtu mwingine angeisoma, akaikunja na kuanza kufikiria mafao. Yeye alipanda gari mpaka Morogoro mjini kuuliza kama tarehe 14 yenyewe imo au haimo, maana siku hiyo ana vipindi viwili na Kidato cha Nne. Karani akamwambia, "Mama, wewe nenda tu kafundishe." Basi imo. Ndiyo maana sherehe yetu inaanza saa nane mchana, vipindi vikishakwisha.

Mimi ninayeandika wasifu huu nafundisha Kiswahili. Kamati ya sherehe ilinichagua kwa hoja kwamba nina maneno mengi, na sikuona tusi ndani yake. Nimekaa meza moja na Mwalimu Mbena tangu mwaka 2009, kwa hiyo nimekosolewa na Mwalimu Mbena tangu mwaka 2009.

Alizaliwa Kinole, kwenye migomba na mvua. Ajira yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1991 katika shule moja jirani na mashamba ya mpunga ya Dakawa, na huko, kwa maneno yake, alijifunza kupaza sauti kuzidi trekta. Baadaye alihamia upande wa Kingolwira, karibu na reli. Treni ikipita alinyamaza akaandika ubaoni, na treni ikiisha mfano nao umeisha. Mwaka 2003 alikuja hapa kwetu Lukundo, juu kidogo ya soko la Mkuyuni, akasema anataka kukaa miaka miwili atulie kwanza. Mnaona wenyewe hesabu zake za miaka.

Hapa amekuwa mkuu wa idara ya hesabu, mlezi wa bweni la wasichana na, kwa kipindi kirefu kuliko vyeo vyote hivyo, mtunza chai wa ofisi ya walimu. Katika cheo hicho cha tatu ndipo tulipomjua vizuri. Mwaka fulani bajeti ya chai iliyumba, likabandikwa tangazo kwamba maandazi ni kwa walimu wenye vipindi zaidi ya vitano kwa siku. Yeye siku hiyo alikuwa na vitano kamili. Akaisukuma sahani mbele, akanywa chai kavu huku ameinua kidevu. Tulimbembeleza sana. Akajibu kwamba tano haimo, na aliyeandika tangazo ajifunze kuandika. Aliyeandika tangazo nilikuwa mimi, na kesho yake nililirekebisha.

Kwake yeye jambo hilo halikuwa mzaha, kwa sababu ndilo somo alilolipenda kuliko yote. Ukitafuta namba zilizo kubwa kuliko tatu lakini zisizozidi saba, jibu si namba moja. Ni kundi zima, kuanzia tatu hadi saba, na lazima useme kama hizo mbili za pembeni zimo au hazimo. Wanahesabu husema kwa mabano. Penye tatu huweka bano la mviringo, kwa kuwa haimo. Penye saba huweka bano la mraba, kwa kuwa imo. Mambo yenyewe ni mepesi, lakini kila mwaka nusu ya darasa huchanganya lipi ni lipi.

Mwalimu Mbena akaja na dawa, na dawa hiyo, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu, aliichota kwenye somo langu. Namba yenye bano la mviringo aliiita hodi, kwa sababu imefika mlangoni, imebisha, haijaingia. Yenye bano la mraba aliiita karibu, kwa sababu imekwisha kaa kwenye kiti. Jibu la mfano wetu likasomwa "hodi tatu, karibu saba". Kuhusu infiniti, ile alama ya nane iliyolala, aliwaambia ni mgeni anayetuma salamu kila siku kwamba yuko njiani. Mwekee kiti ukipenda, ila usimpakulie. Kwa hiyo infiniti ni hodi milele. Ukipita karibu na darasa lake ungedhani kuna harusi, jinsi watoto walivyokuwa wakiitikia. Nao wakampa jina la Madam Hodi, akalipokea.

Sasa nifike pale ambapo mwenyewe aliniomba nisifike. Kamati imeniruhusu.

Mwezi Mei mwaka huu Kidato cha Nne walifanya mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya wa taifa, pamoja na shule jirani, na karatasi zikasahihishwa na walimu wa shule nyingine. Lilikuwemo swali la mabano, lenye alama nono. Wanafunzi wetu wakalifurahia, wakalikokotoa bila kosa, kisha wakaandika jibu kama walivyozoea kulisema. Hawakuweka mabano. Waliandika kwa maneno, tena kwa mwandiko mzuri: Hodi 3, Karibu 7. Msahihishaji mmoja, ambaye bila shaka alikuwa amechoka, aliandika kwa wino mwekundu, "Karibu sana, ila sifuri."

Tulicheka ofisini mpaka tukafuta machozi. Mwalimu Mbena hakucheka. Alikuwa amegundua jambo ambalo sisi tulichelewa kuliona, kwamba walioanguka ni wale wasikivu. Waliokuwa wakisinzia kipindini waliandika mabano ya kubahatisha na wengine wakapata. Juma Banzi, ambaye tangu Kidato cha Kwanza hajawahi kuwahi mstari wa asubuhi, alipata alama zote. Shakila, wa kwanza darasani miaka mitatu mfululizo, aliambulia sifuri kwenye swali zima, kwa sababu alifuata neno la mwalimu wake herufi kwa herufi.

Shakila ni binti wa mama anayeuza ndizi pale sokoni Mkuyuni. Alikuwa amepanga kwenda Kidato cha Tano kusoma tahasusi yenye hesabu. Baada ya moko akaifuta, akaandika nyingine isiyo na hesabu hata ya kupimia unga. Mkono wake haukuinuka tena darasani. Kwenye kikao cha wazazi Mwalimu Mbena alisimama, akasema kosa ni lake, watoto wameandika walichofundishwa. Mama Shakila akainuka kwa upole. "Shikamoo, Mwalimu. Mimi sikulaumu. Ila mwanangu anasema hajui tena lini anachoambiwa ni kweli na lini ni cha kuchekesha. Kabla hujaondoka, naomba unirudishie mtoto wangu."

Mbele ya Mwalimu Mbena palikuwa na likizo ya Juni, kisha Julai, kisha siku chache za Agosti. Wengi wetu tulimshauri afute hodi na karibu, afundishe kama kitabu kinavyosema, apumzike. Alikataa. Aliporudi Julai aliyaacha maneno yakiwa na maana yake, ila akayapiga marufuku kutamkwa. Mwanafunzi akichelewa haruhusiwi kubisha hodi. Anasimama nje ya mlango, anainamisha mgongo mpaka unakuwa bano la mviringo. Mwalimu naye, akiridhika, anainua mikono na kupinda viwiko kama fremu ya mlango. Ndipo mchelewaji anaingia. Wiki ya kwanza Mkuu wa Shule alimkuta Juma ameinama nje ya darasa, akadhani anaumwa tumbo, akaagiza apelekwe zahanati. Juma alikwenda, na kipindi hicho hakurudi. Lakini kufikia mwisho wa Julai hakuna mtoto aliyeandika neno pale palipotakiwa alama. Walikuwa wanayachora mabano hata kwenye madaftari yangu ya fasihi.

Shakila naye aliyaandika vizuri. Majaribio yote mawili ya Julai alipata mia. Hilo halikumtuliza mwalimu wake hata kidogo. Alisema mtoto huyu amehamisha utii tu, ametoka kuamini maneno akaenda kuamini alama, na mkono bado uko chini ya dawati. Akawa hali vizuri. Maandazi, ambayo sasa yalikuwa halali yake kabisa, alikuwa ananisogezea mimi.

Jumatatu ya wiki hii nilikuwa nyuma ndani ya darasa lake nikisubiri zamu yangu ya kipindi. Mwalimu Mbena alikuwa ubaoni na swali la mwisho: hasi mbili mara herufi fulani, jibu liwe dogo kuliko sita. Akagawanya pande zote kwa hasi mbili. Hata mimi, mtu wa methali, nimekaa naye miaka ya kutosha kujua kwamba ukigawanya kwa hasi unaigeuza ile alama, dogo linakuwa kubwa. Hakuigeuza. Akaendelea mpaka mwisho, akachora mabano mazuri sana kwenye jibu lisilo sahihi, akaweka chaki chini akapangusa mikono. Darasa zima likainama kunakili. Kalamu zilisikika.

Kisha mkono mmoja ukainuka, ukashuka, ukainuka tena.

"Samahani, Madam," Shakila alisema. "Alama haijageuka."

Mwalimu Mbena aligeuka akautazama ubao. Akamuuliza ana uhakika. Shakila akasema ndiyo. Akamuuliza tena, kwa ukali kidogo, kama anamwambia mwalimu wa miaka thelathini na minne kwamba amekosea. Shakila akasema, "Ndiyo, Madam. Umekosea."

Basi Mwalimu Mbena akacheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu Mei. Akamnyooshea binti chaki, akaenda kuketi kwenye dawati la binti huyo, akachukua kalamu yake na kunakili masahihisho kama mwanafunzi mwingine yeyote. Shakila alianza kwa kunong'ona. Alipofika kwenye mabano alikuwa anamkaripia Juma kwa kupiga soga. Jioni yake alimwendea Mwalimu Halidi, atakayelipokea darasa, akaomba tahasusi yake irudishwe ile ya hesabu. Mimi nilipata vumbi machoni, na chaki za shule yetu zinajulikana kwa vumbi.

Nimemuuliza Mwalimu Mbena, mara mbili, kama alikosea kwa makusudi. Mara ya kwanza aliniuliza kama chai imebaki. Mara ya pili alikula andazi langu.

Mwalimu Filomena Mbena, kwa niaba ya walimu wenzako, wafanyakazi, wazazi na wanafunzi wa Lukundo, asante kwa kila saa uliyosimama mbele ya ubao. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi ambao hujaupata tangu 1991, migomba izae huko Kinole, na majirani wanaotoa matangazo yasiyo na utata. Ijumaa saa mbili asubuhi sisi tutaingia kwenye madarasa uliyoyaacha, mbele ya watoto uliowafundisha kutuambia tumekosea. Tutakoma.