Nguzo Iliyosimama Mlangoni

Wapendwa, naomba niseme nikiwa nimesimama. Nikikaa nitanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikonifikisha hapa.

Mnanijua. Mimi ndiye msanifu wa zile nyumba za nguzo nene za Kirumi, kuanzia Uriri hadi Homa Bay. Mnatania kwamba najenga mahakama vijijini. Sawa. Mahakama zilinilisha.

Ndugu zangu, nawaambia, nguzo za mbele huenda mbili mbili: nne, sita, nane. Hivyo katikati panabaki njia ya mlango. Mzee mmoja upande wa Homa Bay nilimchorea sita.

"Sita za nini, omera, ndugu yangu? Fanya tano."

"Jaduong', mzee wangu, tano haikai. Moja itasimama mbele ya mlango."

"Si itakuwa askari wangu! Tano, ama nimwite yule mchoraji wa Kisegi."

Mimi huwa sishindwi kupatana bei. Hata mama muuza nyanya hunipunguzia na bado ananishukuru. Lakini siku hiyo nilimwogopa yule wa Kisegi. Nilihesabu nguzo mara mbili, na mara zote mbili nikajua ni kosa. Nikachora tano.

Mzee akahamia, akawa anaizunguka nguzo yake kwa furaha. Kisha akafa.

Kwetu, mwenye boma hulala ndani ya nyumba yake usiku wa mwisho kabla ya kuzikwa. Wabebaji walipanda ngazi na jeneza, wakagonga nguzo. Wakajaribu kupitia pembeni. Baraza ni jembamba, hakuna pa kugeuzia. Wakaliinamisha, tukasikia mzee akisogea ndani. Mwishowe akalala nje, kwenye hema. Mtu akasema polepole, "Nyumba imemkataa."

Neno hilo mnajua linavyotembea. Kabla ya mazishi kuisha lilikuwa limemfikia mjane: eti yeye ndiye amemfungia mumewe, na yeye mwenyewe asilale tena humo. Akahamia jikoni, kile kijumba cha nyuma. Na mimi nilikuwa pale, kwenye kiti cha plastiki, na sahani ya wali mkononi. Neno langu moja lingetosha. Nikaongeza nyama.

Baada ya hapo sikuchora tena. Nikigusa karatasi, nasikia jeneza likigonga. Nikawa mtu wa pombe, hata hapa chamani nikaacha kuja. Mweka hazina wetu akanifuata, nikamweleza yote.

"Unalilia nguzo ama unamlilia yule mama?"

"Nguzo," nikasema.

"Basi lia tena. Bado hujafika."

Nikaenda bomani kwa mzee, na ule mchoro wa kwanza wa nguzo sita. Nikasimama mbele ya ndugu za marehemu, mjane akisikia. "Nyumba haikumkataa. Mimi ndiye niliyemzibia njia, na nilijua."

Shemeji ya mjane akaniangalia. "Matangani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukala?"

"Nikala."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Hakuna aliyecheka. Ni nyinyi tu leo mnaocheka.

Asanteni mliokuja na magogo, tukategemeza dari, tukaibomoa ile nguzo na kusimamisha mbili mahali pake. Simiti ilipokauka, yule mama alitoka jikoni na godoro kichwani, akapita katikati, moja kwa moja hadi ndani. Hakunisalimia. Hajanisalimia mpaka leo, na hapo sipatani bei.

Ninachojua sasa ni hiki, na nimekihesabu mara mbili: jambo ukilijua, liseme kabla sahani haijakufikia. Ikishafika, mdomo una kazi nyingine.