Sindano ya Kulwa

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Ndugu Mganga Mfawidhi na watumishi wote wa kituo. Baba Paroko na Shehe wetu, ambao nafurahi kuwaona mmegawana feni moja. Wazazi na watoto wa kliniki ya Jumanne. Na wewe, Sista Monika Ladislas, unayestaafu leo, na ambaye tangu asubuhi umekaa kwenye kiti cha heshima kama mtu aliyeitwa polisi: hamjambo?

Nimepewa dakika kumi nieleze faida za kliniki ya kisukari. Faida mnayo mbele yenu, imevaa kitenge. Naitwa Doto Manyanda, mwalimu wa shule ya msingi kule Mwamkulu. Nina miaka thelathini na nne, na ishirini na mitano kati ya hiyo nimeishi na kisukari aina ya kwanza, kile ambacho mwili wa mtoto unaacha wenyewe kutengeneza insulini, na ambacho hakikuletwa na soda wala andazi. Jina langu limeshawaambia kwamba nilizaliwa pacha wa pili. Wa kwanza alikuwa Kulwa, na wengi wenu hamkumjua, kwa sababu alifariki tukiwa na miaka tisa.

Alianza na kiu. Alikunywa ndoo mpaka akaikomba, akakonda, akawa anaenda nyuma ya nyumba kila mara kukojoa. Kisha wakaja sisimizi. Pale alipokojoa walijipanga safu ndefu, na alipobadilisha mahali, nao wakahama kumfuata. Bibi yetu Lusia, mama yake baba, aliitazama safu ile siku tatu. Siku ya nne akasema walio chini wametuma watu wao kumchukua mtoto. Pumzi ya Kulwa ilikuwa inanuka papai lililoiva kupita kiasi. Tulimpa dawa ya malaria, tukamwombea, tukamfukizia majani. Alikufa mwezi wa nne, mchana kweupe, akiomba maji.

Mwezi wa kumi na mbili sisimizi walirudi. Safari hii walikuwa wananifuata mimi.

Ndugu zangu, mmewahi kuishi katika nyumba ambamo watu wameshaanza kukuaga? Nilipewa paja la kuku, mimi mtoto wa kike wa miaka tisa. Nikivunja sahani, hakuna aliyenigombeza. Mama alianza kushona gauni jeupe la saizi yangu, na kila nilipoingia alilifunika kwa kanga. Nilijua ni la nini. Sikuuliza, maana nililipenda.

Ndipo akapita huyu Sista na timu ya chanjo. Bibi akamwambia, kwa upole tu, kama unavyomwambia mgeni habari ya msiba, "Huyu usimchanje, utapoteza dawa bure. Sisimizi wameshamfikia." Muuguzi mwingine angecheka, au angemfokea bibi kwa ushirikina. Sista aliuliza, "Sisimizi gani? Nionyeshe." Akachuchumaa nyuma ya nyumba yetu ya Magamba, akaangalia. Akanishika kidevu, akanusa mdomo wangu. Akamkabidhi mwenzake boksi la chanjo, akanifunga kwa kanga mgongoni, akapanda baiskeli. Sikumbuki njia. Nakumbuka mgongo wake ulivyohema, na kwamba njia nzima alikuwa ananitukana ili nisilale.

Nilikaa hospitali wiki tatu. Tuliporudi, Sista alikuja na mtungi. Nyumbani hapakuwa na umeme, sembuse friji, na dawa ile ikipata joto inaharibika. Akatufundisha: jaza mchanga, loanisha, funga chupa ya dawa kwenye nailoni, fukia katikati, mtungi ukae kivulini na mchanga usikauke. Kudunga alimfundisha bibi, kwa sababu mikono ya mama ilitetemeka.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Kwa bibi yangu, pacha hapewi kitu peke yake. Hata baada ya Kulwa kuzikwa aliendelea kupakua sahani mbili na kununua ndala pea mbili, na asubuhi, nikiwa nimesimama peke yangu mlangoni, alinisalimu, "Nyie mmeamkaje?" Basi siku ya tatu ya kazi yake mpya alinidunga paja la kulia vizuri kabisa. Kisha akavuta dawa tena, kipimo kilekile, akanidunga la kushoto. Nikamuuliza, "Bibi, na hii?" Akasema, "Ya mwenzako. Asije akaona wivu."

Wauguzi naona mmeshika vichwa. Dawa maradufu inaikimbiza sukari yote mwilini, na ubongo unabaki bila chakula. Lakini mimi sikusikia njaa wala maumivu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, na Kulwa akaingia. Gauni lake lilikuwa limelowa mpaka magotini, kama mtu aliyetoka kuchota maji, na sakafuni hapakuwa na tone. Aliniambia neno moja tu, "Twende?" Niliona ni neno la maana sana. Nikasimama nikamfuata. Mama anasema alinikuta nimebandika paji la uso ukutani, natembea hivyohivyo, miguu inakwenda na ukuta hauendi. Alinipaka asali ndani ya mashavu mpaka nikarudi.

Kesho yake Sista alikuja. Bibi alikuwa ameketi chini, anangoja kutukanwa. Sista akaketi naye palepale chini. Akasema, "Bibi, Kulwa ana haki ya sindano yake. Ila yeye yuko ardhini, kwa hiyo mdunge ardhini. Chukua hili bomba kubwa, vuta maji safi, mdunge kwenye mchanga wa mtungi mpaka ulowe. Aanze yeye, halafu Doto." Bibi alifanya hivyo kila asubuhi hadi tulipomzika yeye mwenyewe, mwaka elfu mbili na kumi na moja. Mchanga ule haukukauka hata mwezi wa kumi, jua likiwa linapasua midomo. Na katika ukoo mzima hakuna mtu, mkubwa kwa mdogo, aliyethubutu kuugusa mtungi wa Kulwa. Je, huyu Sista alilea ushirikina, au aliokoa dawa? Wenye vyeti wajibu. Mimi nipo hai.

Watu huniuliza, Mwalimu, unaishije nao ugonjwa huu? Ninaishi nao kama mke mwenza. Ninapoamka nampima yeye kwanza. Ninatoboa kidole mara nne au tano kwa siku, vidole vyangu havisikii tena moto wa sufuria. Ninahesabu ugali kabla ya kuula. Siku ya harusi yangu, Padri aliponiuliza kama nakubali kuolewa na Zefania, nilikuwa natafuna peremende, na hadi leo wakwe zangu wanasema nilikosa adabu.

Na Kulwa aliendelea kuja. Kila sukari iliposhuka, alisimama mahali, amelowa, na neno lake lilelile. Nilipomweleza Sista, nikiwa na miaka kumi na minne na naogopa kuitwa kichaa, alisema, "Wenzako hutetemeka, wengine hutoka jasho. Wewe unaye Kulwa. Akija, mwambie angoje, kunywa sukari kwanza." Nilifanya hivyo karibu miaka ishirini. Sikumwogopa hata mara moja. Niwaambie kitu kinachoniogopesha: tangu mwaka jana haji tena.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa darasa la tatu, saa nne asubuhi, nafundisha. Nilijisikia vizuri kuliko siku nyingi. Mwalimu Edgar, huyu hapa, alipita dirishani akashangaa kwamba darasa la watoto sitini limekuwa kimya namna ile. Akaingia. Ubao ulikuwa umejaa kutoka juu hadi chini neno moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: Twende. Twende. Twende. Na watoto, kwa utii niliowafundisha mwenyewe, walikuwa wananakili. Wengine walikuwa wameshafungua ukurasa wa pili. Sikumwona Kulwa, wala sikuhisi chochote. Yale madaftari nimeyakusanya, yako nyumbani kabatini, na sijapata ujasiri wa kuyasahihisha wala kuyachoma.

Sista alinieleza kwamba ukiishi na ugonjwa huu miaka mingi, mwili unachoka kupiga kengele. Sukari inashuka nawe huambiwi. Kwa hiyo, Mheshimiwa, wengine hapa wanaagana na muuguzi, na mimi naagana na mtu pekee anayenitazama usoni na kujua kabla yangu. Keshokutwa anapanda basi kurudi kwao Namanyere. Nimelia wiki nzima, sioni haya kusema.

Lakini leo ni siku ya shukrani. Namshukuru Mganga Mfawidhi. Nawashukuru kina mama wa jikoni. Namshukuru mume wangu. Namshukuru na bibi yangu Lusia, ambaye pamoja na miguu yake amekubali kuja, yuko pale mstari wa tatu karibu na mlango. Bibi, simama kidogo wakuone. Msaidieni asimame, gauni lake limelowa.

Mbona mmenyamaza?

Sista, kaa. Bado sijamaliza. Niko sawa kabisa, sijawahi kujisikia vizuri hivi. Hiyo juisi mpeni bibi. Sista, nimesema kaa, unanivunjia hotuba mbele ya Mheshimiwa. Sina tatizo. Mimi mwenyewe ndiye ninayejua kama nina tatizo.

Hapana. Sijui. Ilete.

Nawashukuru kwaya kwa kuwaimbia nyie robo saa nzima. Sista amenipima: sukari ilikuwa mbili nukta nne, na chini ya nne ni hatari. Sasa hivi ni tano. Nilijidunga saa saba kwa kuwa ratiba ilisema chakula ni saa saba, na mtu mzima wa Mpanda anayeamini ratiba ya sherehe ana lake. Ule pale mstari wa tatu ni mkoba wa mtu juu ya kiti. Naomba mwenyewe auondoe, tafadhali.

Nilikuwa nimeandika mwisho mwingine wa hotuba hii, wenye methali. Nauacha. Mmeona kwa macho yenu kitu ambacho nisingeweza kukieleza. Watu mia mbili mlikaa kimya mkinihurumia, na mmoja akasimama. Wengi wenu mliogopa kunikatiza kwa sababu mimi ni mwalimu na kuna mgeni rasmi. Edgar, Zefania, kina mama wa Mwamkulu, na nyie watoto wa Jumanne ambao siku moja yatawakuta haya: nikatizeni. Mkiniona nasema na mtu msiyemwona, au nacheka bila sababu, au napendeza kuliko kawaida, nipeni kitu kitamu. Nitakataa. Nitakasirika, nitawatajia cheo changu. Msinisikilize.

Sista Monika, nenda kwenu ukapumzike. Sitakudanganya kwamba siogopi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zangu wote, nashukuru kwamba mmenisikiliza. Kuanzia leo naomba mniangalie.