Glavu Zilizokatwa Vidole

Kifuniko cha birika la chai ya wenzangu kilikuwa kikigongagonga jikoni alfajiri nilipofunga mlango kwenda kupanda basi la kwanza. Mbele yangu alikaa dereva wa bodaboda, kiganja cha kulia kimefungwa bendeji, glavu zake mapajani. Jirani yake, mama fundi wa ngozi mwenye sindano kwenye ukosi, alimfungulia chupa ya maji bila kuombwa, kisha akazitazama zile glavu.

"Vidole umevikata mwenyewe, mwanangu?"

"Nimevikata, mama. Simu ya abiria nitaibonyezaje?"

"Ukivikata, mshono wote unafumuka. Ndiyo maana ulipoanguka kiganja kikabaki wazi."

"Lakini za ngozi nene zinachoma, mama, jua likiwaka."

"Jua linachoma, lami inachuna."

Nikaitikia kwa kichwa, ingawa hakuna aliyeniuliza. Kijana aliitazama bendeji. "Daktari anasema kidole kimoja huenda kisikunjike tena. Kisipokunjika, breki siivuti, na mimi kazi nyingine sina."

Mama akatoa uzi mkobani, akaupima mkono wa kushoto wa kijana uliokuwa mzima. "Nitakushonea nyingine. Kiganjani ngozi mbili, mshono mara mbili. Ila vidole vibaki."

"Nitakata kimoja tu, cha kubonyezea."

"Hata kimoja."

Basi likasimama hospitali. Kijana aliinuka bado anabisha, "Ncha tu, mama." Mama akakunja miguu ampishe.

"Kibanda changu kiko nyuma ya stendi. Njoo Ijumaa uzichukue," akamwambia. "Na hata ukizikata, uje tena, nione kama kidole kinakunjika."