Mimon Ederi na Asali ya Mialoni

Ndugu wa familia, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu mchana huu mkapanda mpaka hapa makaburini, familia imeomba isomwe historia fupi ya marehemu kabla hajashushwa, na tunaomba radhi mapema, kwa sababu imeandikwa asubuhi ya leo katikati ya simu na maji ya kuosha vyombo, na pia kwa sababu yako mambo ambayo marehemu mwenyewe hakuyapatia ufumbuzi, nasi hatuwezi kumnyooshea leo.

Marehemu Mimon bin Yaakov Ederi alizaliwa katika mji wa Sefrou, nchini Morocco, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Yaakov Ederi, fundi viatu, na mama Esther. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1944, lakini siku hiyo alipewa na karani wa bandari ya Haifa, ambaye kila aliyefika bila cheti alimwandikia hiyo hiyo, na mama yake alishikilia mpaka mwisho kwamba alimzaa wiki ya Sikukuu ya Vibanda, mvua ikivuja ndani ya kibanda, katika mwaka wa nzige, wakati dada yake akidai kwamba aliyezaliwa mwaka wa nzige ni yeye, si Mimon. Marehemu hakubishana na yeyote kati yao, na akiulizwa umri wake alijibu, "Muulizeni karani."

Alianza kusoma kwa mwalimu wa Torati huko huko Sefrou, na mwezi Novemba 1955 familia ikasafiri kwa meli kupitia Marseille hadi Haifa, kisha wakapandishwa lori na kuletwa hapa Givat Alon, ambapo wakati huo palikuwa na mabanda ya mabati, matope na mialoni tu. Alimaliza darasa la nane kijijini mwaka 1959, akasoma shule ya kilimo kwa miaka miwili, akatumikia jeshi kuanzia 1962, na aliporudi alifanya kazi katika kiwanda cha kufungasha matofaa, mpaka mwezi Machi 1966 ushirika uliponunua mizinga na kukosa mtu wa kuisimamia, wote wakiogopa kuumwa, naye akasema yeye haogopi, jambo ambalo halikuwa kweli, bali alikuwa amechoshwa na matofaa.

Tarehe 20 Agosti 1968, siku ya Jumanne, alimwoa Zohara, binti wa familia ya Azran iliyokuja na meli ile ile, na Mungu akawajalia watoto watatu, Sigalit mwaka 1970, Asher mwaka 1972 na Rivka mwaka 1977. Kaka mkubwa wa Zohara ni mzee Makhluf Azran, mchinjaji wa kijiji chetu, ambaye kisu chake wote mnakijua, na ambaye wakati ule alikuwa shemeji na rafiki, akila kwa Mimon usiku wa Sabato, na Mimon akila kwake mchana wa Sabato, wiki baada ya wiki, bila kualikana.

Sasa tunafika kwenye mwaka 1983, ambao hauwezi kurukwa, maana wengi wenu mliokaa hapa mlikuwemo. Majira yale ya joto maua yalikauka mapema, lakini mizinga iliyokuwa upande wa mialoni ilijaa asali nyeusi, nzito, yenye harufu ya mkate ulioungua kidogo, na Mimon, akiona hiyo ni baraka, aligawa chupa kwa kila nyumba kabla ya Mwaka Mpya wetu, ulioangukia tarehe 8 Septemba, na kijiji kizima kikachovya matofaa ndani yake na kuombeana mwaka mtamu. Alia, mke wa Makhluf, alipika kuku na plamu kavu kwa asali ile, katika chungu cha udongo chenye kifuniko kirefu ambacho mama yake alikibeba mapajani tangu Sefrou hadi Haifa.

Mwezi Oktoba akaja mtaalamu wa nyuki kutoka wilayani, akaonja kwa kidole, akatabasamu, akasema, "Mimon, hii si ya maua."

"Ni ya nini, basi?"

"Ya mialoni. Kuna vidudu vinafyonza utomvu kwenye majani, halafu vinadondosha matone matamu kwa nyuma. Nyuki wako wameokota hayo. Asali nzuri sana, Wajerumani wanaitafuta."

Zohara alikuwa anaanika nguo, akauliza, "Umesema kwa nyuma?"

"Kwa nyuma, mama."

"Na sisi tumelisha kijiji kizima."

Mtaalamu hakuelewa tatizo liko wapi, akanywa kahawa yake, akaondoka, lakini marehemu alibaki amesimama pale pale uani, kwa sababu kila mtoto wetu anajua kwamba nyuki ni haramu kwetu, na kwamba kitokacho katika mwili wa kilicho haramu nacho ni haramu, ila asali tumeruhusiwa, kwa kuwa nyuki haitoi mwilini mwake kama ng'ombe atoavyo maziwa, huichukua kwenye ua na kuibeba tu. Lakini hii haikutoka kwenye ua, ilitoka katika mwili wa kidudu, na kidudu naye ni haramu, na Mimon akajiuliza kama alikuwa amewalisha ndugu zake haramu katika sikukuu yenyewe ya kuanza mwaka.

Alikwenda kwa rabi wa kijiji, hayati Rabi Shushan, ambaye alimwambia atulie, kwamba kidudu yule hageuzi chochote, ni utomvu wa mti unaopita ndani yake kama maji katika mpira wa bustani, na kwamba kama nyuki anabeba, naye kidudu anabeba. Makhluf alikuwa pale, akasema, "Rabi, nakuheshimu, lakini nyuki anabeba kwa mfuko. Huyu anatoa kwa nyuma. Mfuko na nyuma ni kitu kimoja?"

"Makhluf, wewe shughulika na kuku."

"Ndiyo nashughulika nao, na kuku mwenye shaka simli."

Kesho yake Makhluf alichemsha pipa la maji uani, akatumbukiza masufuria yote, vijiko vyote, kuvitoa uharamu, na majirani wakachungulia, na kufikia jioni nusu ya nyumba za Givat Alon zilikuwa na mapipa yanayochemka na nusu nyingine zilikuwa zinawacheka. Lakini udongo hauoshwi kwa maji ya moto, kilichoingia humo hakitoki, udongo huvunjwa, na Makhluf alikivunja chungu cha mama mkwe wake kwa mkono wake, kwenye ngazi, Alia akiwa ndani amefunga mlango. Tangu siku hiyo hakula tena kwa dada yake, si kwa hasira, alisema mwenyewe, bali kwa sababu Zohara hakuchemsha sufuria hata moja, maana Rabi Shushan alisema hakuna haja, naye Zohara alikuwa na watoto watatu, na kuni zilikuwa zimelowa.

Marehemu hakujua amfuate nani. Alipanda kwa rabi mmoja kule Safed, akaambiwa ni haramu. Akashuka kwa mwingine Tiberia, akaambiwa ni halali, lakini mwenye kujizuia atabarikiwa, na alipouliza kama maana yake ale au asile, akaambiwa hilo ni swali zuri. Na wa tatu alisema hawezi kuamua bila kuona, akaletewa chupa, na haikurudi wala jibu halikuja. Basi Mimon akaihamishia mizinga yake kwenye michungwa ya bondeni, akazipanga chupa za mialoni zilizobaki kwenye rafu ya juu bandani, asizitupe wala asizigawe, na yeye mwenyewe akaacha kabisa kuonja asali, ya mialoni na ya michungwa pia, hata akawa mfuga nyuki anayechovya tofaa kwenye sukari, na Zohara akimwambia, "Ya michungwa hakuna anayeibishia, Mimon," alijibu, "Nitakula nikishajua niliwalisha nini."

Mwaka 1996 alijiunga na kundi lililokwenda Morocco kuzuru makaburi ya wazee, akarudi na chungu kipya cha Sefrou mapajani, akampelekea Alia, lakini Makhluf alimzuia mlangoni. Alisema, "Kama asali ilikuwa halali, basi mimi ndiye niliyevunja chungu bure, na wewe hunidai wala sikudai. Kama ilikuwa haramu, hukujua, na asiyejua hadaiwi chungu. Kwa vyovyote sipokei."

Mimon akauliza, "Sasa nikiweke wapi?"

"Kiweke mpaka jibu lipatikane."

Kikawekwa juu ya kabati la Zohara, ndani ya gazeti lake, hakikuwahi kuguswa na moto wala asali. Rabi Shushan akafariki mwaka 1999 akiwa na msimamo wake, na Makhluf akabaki na wake.

Marehemu alianza kuugua mwezi Juni 2014, kwa kusahau, kwanza alisahau mizinga iko wapi, kisha majina ya wajukuu, kisha ya watoto, lakini lile swali halikumtoka, na kila asubuhi akiletewa chai, kabla ya kuinua glasi, alimuuliza Zohara, "Ya maua au ya mti?" naye Zohara alijibu, "Ni sukari, kunywa." Mwaka 2015 banda lilipopakwa rangi, chupa zote zilitolewa nje, za rafu ya juu na za rafu ya chini, karatasi zake zilikuwa zimefifia, zikarudishwa bila mpangilio, na kwa kuwa asali ya maua nayo ikikaa miaka huwa nyeusi, hapakuwa tena na mtu wa kuzitofautisha, wala Zohara hakujaribu, alikuwa na mgonjwa.

Tangu masika ya 2016 Makhluf alikuja kila alasiri kukaa na shemeji yake, glasi yake mwenyewe mfukoni, akaota naye jua barazani, na Mimon akamwita mgeni. Mwezi Oktoba mwaka huu koo lilipokataa chakula, daktari akashauri apewe vitu laini na vitamu, na Zohara akatoa chupa bandani, naye Mimon, ambaye hakuwa ameonja asali tangu 1983, akaila bila kuuliza, na hatujui kama alikuwa amesamehe, au amesahau, au hakujua ni nini. Alhamisi ya tarehe 8 Novemba, Makhluf alikuta chupa ile mezani.

Akauliza, "Zohara, hii ni ipi?"

"Ni chupa, kaka. Nimechoka."

Mimon alichota kijiko, akamnyooshea mgeni wake kama mwenye nyumba anavyopaswa, na Makhluf akainama kukipokea, lakini Mimon akakirudisha ghafla kifuani mpaka asali ikamwagikia shati.

"Ngoja, mgeni. Usile. Ile kesi haijaisha."

"Kesi gani?"

"Kuna mtu hapa kijijini alivunja chungu cha mkewe."

Makhluf akakitoa kijiko taratibu katika vidole vya shemeji yake, akasema baraka, akala.

Mimon akamtazama mdomo. "Ya maua au ya mti?"

"Sijui, shemeji."

"Basi tuko wawili," marehemu alisema, akasinzia.

Mlangoni Zohara alimshika kaka yake mkono, akitaka kujua ni nini kilichobadilika, naye akamweleza kwamba mwanzo palikuwa na shaka moja, kama asali ya mialoni ni halali au si halali, na shaka moja ilimfunga, lakini sasa haijulikani hata kama hiyo yenyewe ni ya mialoni, na shaka ikikaa juu ya shaka sheria inamwachia mtu ale.

"Miaka yote hiyo," Zohara akasema. "Si ungeniambia nizichanganye mwenyewe."

"Ukizichanganya kwa makusudi haifai."

Hali ya marehemu ilibadilika Jumapili iliyopita, alipolazwa kwa nimonia, na alifariki leo alfajiri, Jumanne tarehe 20 Novemba 2018, akiwa na umri wa miaka sabini na minne kwa hesabu ya karani, Zohara akiwa ameshika mguu wake kwa sababu mikono ilikuwa na mirija. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba, na mizinga bondeni ambayo Asher ataiendea kesho kutwa, samahani, baada ya siku saba za matanga, za kukaa chini, kwisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi alikolazwa, hasa muuguzi wa zamu ya mwisho, ambaye kila alipoulizwa kuhusu asali alijibu kama vile ni swali la kawaida, wanaushukuru ushirika kwa usafiri, wafuga nyuki wenzake wa bondeni, na majirani walioleta viti bila kuombwa. Wanamshukuru mzee Makhluf kwa alasiri zote zile.

Na wanamshukuru Alia. Mnajua kwamba wafiwa, wakitoka makaburini, hawaruhusiwi kula mlo wa kwanza kutoka jikoni kwao, ni lazima walishwe na wengine, na desturi ni dengu. Leo saa mbili asubuhi Alia aliingia kwa mlango wa nyuma, hakutoa pole, alivuta kiti akapanda, akashusha chungu cha Sefrou juu ya kabati, akakitoa kwenye gazeti, akaangalia ndani.

Alimwambia Zohara, "Nakichukua. Dengu zinahitaji udongo."

"Na kaka amesemaje?"

"Anachambua dengu."

Kwa hiyo tutakaposhuka hapa, tutakula kutoka kwa Makhluf na Alia, katika chungu cha Mimon, na yeyote anayetaka kutuuliza hicho chungu sasa ni cha nani, tunaomba asubiri siku saba ziishe.

Lala kwa utulivu, Mimon bin Yaakov. Kama jibu lipo, wewe sasa unalo, sisi huku chini tunakwenda kula.